Watu wa Kawaida, Lakini Sio Watu Wote

Kama umewahi kupita kwenye darasa la saikolojia ya jamii, hata kwa kusikilizia dirishani tu, hadithi hii unaijua. Mhadhiri anaanza na jaribio la Milgram, lile la watu kumpiga mwenzao shoti ya umeme kwa sababu mtafiti aliyevaa koti la maabara amewaambia waendelee. Kisha anaruka hadi Ujerumani ya Hitler, anakitaja kitabu cha mwanahistoria Christopher Browning, na anafunga kwa sentensi ambayo kila mtu anaiandika kwenye daftari: mtu yeyote wa kawaida, akiamriwa kuua, ataua. Kipindi kimeisha, watu wanaenda kula.

Shida ni kwamba kitabu chenyewe hakisemi hivyo.

Kitabu kinaitwa Ordinary Men, na kilitoka mwaka 1992. Sio kinene, ukikipa wikiendi mbili tulivu unakimaliza, ingawa utulivu hautabaki nao. Kimekuwa moja ya vitabu vya historia vinavyotajwa sana na watu wa saikolojia, sosholojia na sayansi ya siasa, na ndo maana nataka tukisome tena taratibu. Tuone kimethibitisha nini, kimekisia nini, na wapi sisi wasomaji tumekilisha maneno ambayo hakikuyasema.

Walikuwa akina nani

Browning anafuatilia kikosi kimoja tu: Batalioni ya Polisi wa Akiba namba 101, kutoka mji wa Hamburg, wanaume wapatao 500. Hawa hawakuwa makomandoo wa SS waliochujwa mmoja mmoja kwa ukali wao. Walikuwa sehemu ya Ordnungspolizei, yaani polisi wa kawaida wanaovaa sare, wale wa doria na wa barabarani, ambao tangu mwaka 1936 walikuwa wamewekwa chini ya Heinrich Himmler, mkuu wa SS.

Wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 39. Jeshi lilikuwa halina haja nao kwa mstari wa mbele, kwa hiyo wakaingizwa polisi ya akiba. Kazini kwao walikuwa makuli wa bandarini, madereva wa malori, mabaharia, wahudumu wa mikahawa, makarani. Karibu theluthi mbili walitoka tabaka la wafanyakazi, na kama robo ya askari wa vyeo vya chini walikuwa wanachama wa chama cha Nazi.

Huo umri usiupite haraka. Hitler aliingia madarakani Januari 1933. Mtu wa miaka 39 mwaka 1942 alikuwa tayari mtu mzima wa miaka 30 wakati huo. Alikuwa ameshapiga kura kwenye mfumo wa vyama vingi, labda ameshakuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na anatoka Hamburg, mji ambao haukuwa ngome ya Wanazi. Kijana aliyelelewa tangu utotoni kwenye mafunzo ya chama tungeweza kusema "ndivyo alivyofundishwa". Kwa hawa, jibu hilo halitoshi. Kama ungepewa kazi ya kutafuta watu wa kufanya mauaji ya halaiki, hawa wasingekuwa chaguo lako la kwanza.

Asubuhi ya Józefów

Mwishoni mwa Juni 1942 batalioni ilipelekwa wilaya ya Lublin, kwenye Poland iliyokaliwa na Wajerumani. Tarehe 13 Julai, alfajiri, malori yaliwashusha nje ya kijiji cha Józefów, chenye Wayahudi wapatao 1,800. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, alikuwa mzee wa miaka 53, askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ambaye vijana wake walimwita kwa upendo Papa Trapp. Aliwapanga nusu duara akawaeleza kazi, huku akionekana wazi kuwa machozi yanamlenga: wanaume wenye nguvu za kufanya kazi watengwe, wengine wote, wanawake, watoto na wazee, wapigwe risasi.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo kiini cha kitabu kizima. Askari, hasa wale wa umri mkubwa, ambaye anajiona hawezi kazi hii, na atoke mstarini.

Mmoja akatoka. Kapteni wake akaanza kumfokea, kwa aibu ya kuona mtu wa kombania yake ndiye wa kwanza. Trapp akamnyamazisha kapteni na kumkinga yule askari. Baada ya hapo wakatoka wengine, wote pamoja kama kumi au kumi na wawili. Wakasalimisha bunduki zao na kusubiri kupangiwa kazi nyingine. Kuna pia luteni mmoja wa akiba, mfanyabiashara wa mbao wa Hamburg, aliyepata habari usiku uliotangulia na akasema wazi kwamba hatashiriki kuwapiga risasi wanawake na watoto wasio na silaha. Akapewa kazi ya kuwasindikiza wale wanaume waliotengwa.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepigwa risasi, aliyefungwa, wala aliyepelekwa kambini. Yule luteni baadaye alihamishiwa Hamburg, alikoomba mwenyewe.

Waliobaki walifanya kazi mpaka usiku unaingia. Kila askari alitembea na mtu mmoja mmoja kuingia msituni, uso kwa uso, akampiga risasi, akarudi kuchukua mwingine. Katikati ya siku wengine walishindwa wakaomba kupumzishwa, wakaruhusiwa. Wengine walijichomoa kimyakimya: wakajificha nyuma ya malori, wakapekua nyumba ileile mara tatu, au wakalenga pembeni makusudi. Jioni ile takriban watu 1,500 walikuwa wameuawa. Askari walirudi kambini wakapewa pombe, wakanywa sana, na wakakubaliana bila kuambiana kwamba jambo hilo halizungumzwi.

Browning anakadiria kwamba, ukijumlisha waliotoka mstarini na waliojichomoa njiani, waliokwepa kuua walikuwa kati ya asilimia 10 na 20. Waliobaki, asilimia 80 au zaidi, waliua.

Amri bila adhabu

Sasa irudie ile sentensi ya darasani: "mtu yeyote, akiamriwa, ataua". Iweke mbele ya asubuhi ya Józefów uone inavyoyumba.

Kwanza, "akiamriwa". Amri ilikuwepo, lakini iliyokuja nayo ilikuwa ruhusa ya kutoitii, iliyotolewa na kamanda mwenyewe mbele ya kikosi kizima. Baada ya vita, washtakiwa wengi wa Kijerumani walijitetea kwamba wangekataa wangeuawa wao. Browning anakumbusha kwamba katika mamia ya kesi za baada ya vita, hakuna mshtakiwa wala wakili aliyeweza kuonyesha tukio hata moja ambapo mtu alikataa kuua raia wasio na silaha akapata adhabu hiyo kali. Hata moja. Utetezi wa "ningefanyaje?" ulikuwa na nguvu mahakamani na mtaani, ila ushahidi nyuma yake haukuwepo.

Pili, "mtu yeyote". Kama mtu mmoja katika kila watano, au katika kila kumi, hakufanya, basi neno "yeyote" ni la uongo. Huhitaji takwimu za ngazi ya uzamili kuliona hilo.

Na hapa ndipo jaribio la Milgram linapotumika vibaya. Stanley Milgram alifanya majaribio yake Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1961, na matokeo ya kwanza yakachapishwa 1963. Namba inayokaririwa ni asilimia 65: kati ya wanaume 40, 26 walifika volti 450, mwisho wa mashine. Lakini Milgram hakufanya jaribio moja. Alilibadilisha mara nyingi, na kwenye mabadiliko hayo ndimo kuna elimu. Mshiriki alipotakiwa kuushika mkono wa "mwathirika" na kuubandika kwenye bamba la umeme, waliofika mwisho walishuka hadi asilimia 30. Na palipowekwa washiriki wengine wawili, ambao kumbe ni waigizaji, wakakataa kuendelea mbele ya mshiriki halisi, waliofika mwisho walibaki 4 kati ya 40. Asilimia 10.

Linganisha na Józefów. Kule Yale mtafiti alisisitiza, mwathirika alikuwa chumba kingine, na mtu aliambiwa kwamba shoti hazitaacha madhara ya kudumu. Józefów kamanda alilia na akafungua mlango wa kutokea, mwathirika alikuwa mtoto unayemwona usoni, na damu ilirukia sare. Kwa mantiki ya Milgram mwenyewe, utiifu ulipaswa kuporomoka. Haukuporomoka. Browning analiona hili na anaandika wazi kwamba utii kwa mamlaka hautoshi kueleza. Uzito mkubwa zaidi anauweka kwenye shinikizo la wenzao. Yaani kitabu kinachotumika kama kielelezo cha Milgram kwa kweli kinamwekea Milgram alama ya kuuliza. Wahadhiri wetu wengi hawafiki ukurasa huo.

Mkumbo, na aibu ya kuwa mtegaji

Kiswahili kina neno zuri kwa hili: mkumbo. Ila usidhani mkumbo hapa ni wa bendera kufuata upepo, mtu kwenda tu kwa sababu wengine wanaenda. Wa Józefów ulikuwa na sura maalumu.

Fikiria umesimama kwenye ule mstari. Kazi itafanyika, na wewe unajua hivyo. Ukitoka, hutamwokoa mtu hata mmoja. Unachofanya ni kuwaachia wenzako fungu lako la kazi chafu. Uko nchi ya kigeni, unaochukiwa na wenyeji, na watu pekee ulionao ni hawa mnaolala nao chumba kimoja. Kutoka ni sawa na kuwaambia: nyinyi fanyeni, mimi mikono yangu iwe safi. Aliyewahi kuishi bweni au kambi ya mafunzo anajua jina la mtu wa hivyo ni nani. Ni mtegaji.

Waliotoka walikabili tatizo hilo, na njia waliyoitumia kulitatua ndiyo sehemu ya kitabu iliyonisumbua zaidi. Wengi wao hawakusema "hili ni ovu". Walisema "mimi ni dhaifu mno, siwezi". Walijishusha. Kwa kujiita dhaifu, waliwaachia wenzao sifa ya kuwa imara. Kundi likaweza kuwavumilia, hata kuwatania kidogo, bila kulazimika kujiuliza chochote. Ni mbinu nzuri ya kujinusuru, lakini angalia imefanya nini: kipimo cha uanaume hakijaguswa. Kuua kumebaki kuwa ndio ugumu, na kutoua kumebaki kuwa ndio ulegevu.

Rudi sasa kwenye lile jaribio la waigizaji wawili waliokataa. Liliwageuza washiriki kwa sababu wale wawili walikataa hadharani. Józefów watu kumi na wawili walitoka hadharani, lakini maneno mengi yaliyoambatana na kukataa yalikuwa ya udhaifu wa mtu binafsi. Nadhani ndiyo maana upinzani wao haukuambukiza. Huu ni usomaji wangu, Browning hauweki hivi moja kwa moja, lakini ushahidi aliokusanya unauruhusu.

Baadaye mambo yalirahisishwa. Tarehe 17 Agosti 1942, pale Łomazy, kombania moja ya batalioni ilishiriki mauaji ya Wayahudi wapatao 1,700. Safari hii sehemu kubwa ya kupiga risasi walipewa wasaidizi waliofunzwa kambi ya Trawniki, wengi wao wafungwa wa vita kutoka jeshi la Kisovieti, na hakuna aliyeulizwa kama anajiweza. Halafu zikaja treni. Kuwatoa watu kwenye geto, kuwasukuma kwenye mabehewa, na kuwaachia Treblinka imalizie, kuliwasumbua askari kidogo sana, maana kifo kilitokea mbali na macho. Kulipokuja msako wa waliojificha misituni, makamanda walipata watu wa kujitolea bila taabu. Kufikia mwisho wa Novemba 1943, batalioni hii ya watu 500 ilikuwa imeshiriki kuwaua kwa risasi angalau Wayahudi 38,000, na kuwapakia kwenda Treblinka wengine zaidi ya 45,000.

Faili moja, hukumu mbili

Browning alijuaje haya yote? Ofisi ya mwendesha mashtaka wa Hamburg ilichunguza batalioni hii kati ya 1962 na 1972 na kuwahoji wanaume 210 waliowahi kuwa ndani yake. Kati ya mahojiano hayo, Browning alipata 125 yenye maelezo ya kutosha kujenga masimulizi. Majina mengi kwenye kitabu ameyabadilisha, kwa sababu sheria za Ujerumani zinalinda faragha ya waliohojiwa.

Wewe unayefanya utafiti wa mahojiano tayari umeshashtuka. Wasemaji ni wauaji wenyewe. Wanasema zaidi ya miaka ishirini baada ya tukio. Wanamwambia mwendesha mashtaka, ambaye anaweza kuwapeleka jela. Kila mmoja ana sababu ya kujikosha, na zaidi ya hapo, kwa sheria ya Ujerumani, aliyekiri kwamba aliua kwa chuki ya rangi alijiweka karibu zaidi na hatia ya mauaji. Kwa hiyo ukiona kwamba hawa wazee hawazungumzii sana chuki dhidi ya Wayahudi, haina maana kwamba haikuwepo.

Hoja hiyo ndiyo silaha ya Daniel Goldhagen. Alikihakiki kitabu cha Browning kwa ukali tangu 1992, na mwaka 1996 akatoa chake, Hitler's Willing Executioners, akitumia kwa sehemu mafaili yaleyale ya batalioni ileile. Hitimisho lake ni kinyume: waliua kwa sababu walitaka. Kwa maoni yake, utamaduni wa Ujerumani ulikuwa umejaa chuki ya muda mrefu iliyolenga kuwaondoa Wayahudi kabisa, na Hitler aliifungulia tu. Kitabu kiliuzwa sana, Ujerumani kwenyewe pia.

Goldhagen ana haki katika jambo moja kubwa: Browning wa 1992 aliipa itikadi nafasi ndogo kuliko ilivyostahili. Lakini njia ya Goldhagen ina tundu. Aliweka kanuni kwamba maelezo yoyote ya mtuhumiwa yanayomsafisha yatupwe, isipokuwa yawe na uthibitisho kutoka kwingine. Inasikika kama ukali wa kisayansi. Tatizo ni kwamba ukishatupa kila kauli ya mtu aliyesema alisita, aliona aibu au alitapika, utabaki na kauli za wasiosita. Halafu unatangaza kwamba umegundua hawakusita. Umechuja data kwa kutumia jibu ulilokuwa unalitafuta.

Browning alijibu vizuri zaidi kwenye maneno ya mwisho aliyoongeza katika toleo la 1998, na humo kuna kitu ambacho mtu wa sayansi atakipenda. Ndani ya batalioni walikuwepo vijana 14 kutoka Luxembourg, nchi ndogo ambayo Ujerumani ilikuwa imeimeza. Hawa hawakukulia kwenye utamaduni ambao Goldhagen anaulaumu. Kama chuki ya Kijerumani ndiyo sababu ya lazima, tungetegemea waonekane tofauti. Katika ushahidi uliopo, hawajitokezi kama kundi lililojitenga na mauaji. Kumi na wanne ni wachache mno, na wao pia walikuwa na sababu ya kujikosha, kwa hiyo usikimbilie kutangaza ushindi. Ila kwenye historia, ambako huwezi kurudia jaribio, kikundi cha kulinganishia hata kidogo namna hiyo ni bahati adimu.

Pale ninapokibana kitabu

Nina malalamiko mawili.

La kwanza: waliouawa hawana sauti humo. Browning anajua, na anaeleza kwamba ndivyo vyanzo vyake vilivyo, kwani batalioni ilihama kijiji hadi kijiji na haikuacha mashahidi wengi wa kuwatambua askari kwa majina. Bado matokeo yake yana gharama. Ukimaliza kurasa mia mbili ukiwa ndani ya kichwa cha askari, ukijua nani alilia na nani alikunywa, unaanza kuona Józefów kama mtihani wa maadili ya Wajerumani, na wale watu 1,500 kama karatasi ya mtihani. Lilikuwa tukio lao kwanza. Aibu ya askari ni habari ya pili.

La pili ni la kimantiki, na linamhusu Browning kidogo na sisi sana. Anamaliza kitabu chake kwa kuuliza, kwa maana yake, kwamba ikiwa watu hawa waliweza kuwa wauaji katika mazingira yale, kuna kundi gani la watu lisiloweza? Soma tena: kundi. Hakuuliza kuna mtu gani. Lakini sehemu kubwa ya kitabu kabla ya hapo imetufundisha kufikiri juu ya mtu mmojammoja na nafsi yake, kwa hiyo msomaji anaruka kutoka kundi kwenda kwa mtu bila kugundua kwamba amevuka mto. Hapo ndipo ile sentensi ya darasani inapozaliwa.

Tofauti yake ni kubwa. Kundi la watu 500 haliihitaji kila roho iliyomo ili liue. Linahitaji idadi ya kutosha. Wakipungua kumi na wawili, kazi inaendelea. Wakipungua hamsini, kazi inaendelea, na ndiyo maana Trapp aliweza kumudu ukarimu wake. Mwanasosholojia wa Kijerumani Stefan Kühl alilishika hili mwaka 2014 katika kitabu ambacho jina lake linachezea la Browning: badala ya watu wa kawaida, anazungumzia asasi za kawaida. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba asasi haijali sana kama wewe unaua kwa chuki, mwingine kwa kuogopa kuitwa mwoga, na wa tatu kwa sababu anataka kupandishwa cheo. Inachohitaji ni kwamba wote mtokee kazini. Ukiliona hivyo, ugomvi wa Browning na Goldhagen kuhusu sababu moja kuu unapungua makali, kwa sababu huenda sababu moja kuu haikuwahi kuhitajika.

Na hapo ndipo kuna kitu cha kupoteza kwa mimi na wewe. Kauli ya "yeyote angefanya" inajifanya unyenyekevu: nani mimi nimhukumu mtu wa 1942? Lakini iangalie inamfanyia nani kazi. Inawapa waliofyatua risasi utetezi uleule walioutaka mahakamani, na inawafuta wale kumi na wawili waliotoka mstarini. Kesi ya Hamburg ilipoisha mwaka 1968, kati ya washtakiwa 14 wachache tu walipewa vifungo, kirefu kikiwa cha miaka minane, na wengine wakapatikana na hatia bila kupewa adhabu. Trapp alikuwa ameshanyongwa Poland mwaka 1948, na hata hivyo hukumu yake ilihusu Wapoland 78 waliouawa kwa kulipiza kisasi, haikuhusu Józefów.

Usikimbilie upande wa pili pia. Wale kumi na wawili sio mashujaa wa kutulizia dhamiri zetu, wa kutufanya kila mmoja aseme "mimi ningekuwa wa kumi na tatu". Hawakumwokoa mtu siku ile, na wengi wao waliendelea kufanya kazi nyingine za batalioni: kulinda barabara, kuzingira kijiji, kusindikiza. Wanachothibitisha ni kitu kidogo lakini kigumu kukikwepa: mlango ulikuwepo, ulikuwa wazi, na waliobaki walikuwa wanauona.

Kwa hiyo, usome? Soma. Ila tafuta toleo lenye maneno ya mwisho ya 1998, au lile lililopanuliwa la 2017, maana bila hayo utakosa mjadala na Goldhagen na habari za Waluxembourg. Sura ya Józefów isome mchana. Sura ya mwisho, inayotafuta sababu, isome na kalamu mkononi, na kila unapokutana na neno "watu" jiulize anamaanisha wangapi. Ukikutana na mtu anayekwambia kitabu hiki kinathibitisha kwamba sote ni wauaji, muulize kwa upole kama amefika pale mzee Trapp aliposema na atoke mstarini.